Oedipus Darasani: Kweli, Si Kweli na Nusu Kweli

Fungua daftari la mwanafunzi wa fasihi aliyefika mada ya tanzia, na aghalabu utakuta jedwali. Upande wa kushoto jina la nguli, upande wa kulia kasoro yake. Macbeth: tamaa. Othello: wivu. Oedipus: kiburi. Jedwali hukaririwa usiku wa kuamkia mtihani, likaandikwa asubuhi, likapewa alama, mwalimu na mwanafunzi wakaachana kwa amani. Shida ni kwamba kwa huyo wa tatu jedwali limekosea, na kosa lenyewe huharibu usomaji wa tamthilia nzima.

Tamthilia hiyo ya Oedipus, ya Sophocles wa Athene, si ngeni kwetu. Samuel Mushi, aliyetuletea Makbeth mwaka 1968, aliitafsiri pia kwa jina la Mfalme Edipode. Na ndiyo tamthilia ambayo Aristotle huirejea tena na tena katika kile kitabu chake kidogo, Poetiki, ambacho istilahi nyingi za tanzia tunazofundisha hudaiwa kutoka humo. Nasema hudaiwa, kwa sababu baadhi hazikutoka humo hata kidogo.

Kwanza kisa, kwa asiyekijua. Laius, mfalme wa Thebes, alitabiriwa kwamba atauawa na mwanawe. Mtoto alipozaliwa hazikupita siku tatu akatobolewa vifundo vya miguu, akakabidhiwa mchungaji akamtupe mlimani. Mchungaji akamwonea huruma, akampa mwenzake wa Korintho (ndiyo, Korintho ile ile ya nyaraka za Paulo), na mtoto akalelewa na mfalme wa huko, Polybus. Alipokua, mlevi mmoja karamuni akamwambia kwamba yeye si mtoto wa baba yake. Akaenda Delphi kwenye maaguzi ya Apollo kuuliza. Hakujibiwa alichouliza, aliambiwa atamuua baba yake na kumuoa mama yake. Akaazimia kutorudi Korintho kamwe. Njiani, mahali zinapokutana njia tatu, akagombana na mzee aliyepanda gari la farasi, akamuua pamoja na watumishi wake, akanusurika mmoja tu. Akafika Thebes, akafumbua kitendawili cha Sphinx, lile dude lililokuwa likiwamaliza watu, akapewa ufalme na mjane wa mfalme, Jocasta. Yote hayo yametokea kabla pazia halijafunguliwa, ingawa pazia lenyewe hawakuwa nalo. Tamthilia ni siku moja tu, miaka mingi baadaye: maradhi yanaua mji, maaguzi yanasema muuaji wa Laius aondolewe, na mfalme Oedipus anaanza kumsaka.

“Tanzia lazima iishie kwa kifo cha nguli.”

Si kweli. Oedipus anaimaliza tamthilia akiwa hai, macho hana, akiingizwa ndani. Aliyekufa ni Jocasta. Philoctetes ya Sophocles huyo huyo haina kifo cha nguli, na Eumenides ya Aeschylus huishia kwa mapatano na maandamano. Aristotle mwenyewe, katika sura ya 14, anaweka juu kabisa msuko ambamo mtu anakaribia kumuua ndugu yake bila kumjua, kisha akamtambua na asimuue. Hata hapa kwetu, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) humwacha nguli wake mikononi mwa Wajerumani, amepigwa, anakataa kutamka kwamba maji aliyowapa watu yawakinge na risasi yalikuwa uongo. Aliyenyongwa Agosti 1905 ni Kinjeketile Ngwale wa historia. Jukwaa halikuhitaji kitanzi.

“Kila nguli wa tanzia ana kasoro kubwa ya tabia, na ya Oedipus ni kiburi.”

Si kweli, na hapa tukae kidogo.

Chanzo cha usemi huu ni sura ya 13 ya Poetiki. Aristotle anauliza: ni mtu wa namna gani akiangukiwa na balaa jukwaani, sisi watazamaji tutaingiwa na huruma na hofu? Si mwema kupindukia, maana kuanguka kwake kungetuchukiza tu. Si mwovu, maana huyo kastahili. Ni mtu wa kati, mwenye jina na heshima, ambaye haangushwi na uovu wala ubaya wa tabia bali na hamartia fulani. Kisha anatoa mfano, na jina la kwanza analolitaja ni Oedipus. Yaani sentensi ile ile inayotumiwa darasani kumtia Oedipus hatiani ndiyo iliyoanza kwa kumfutia mashtaka.

Hamartia basi ni nini? Usomaji unaoafikiana zaidi na sura yenyewe ni huu: ni kosa kubwa analolitenda mtu kwa kutojua jambo linalomhusu. Oedipus hajui waliomzaa ni nani. Kila alichofanya kinamfaa mtu aliyezaliwa Korintho. Kwa mzaliwa wa Thebes ni maangamizi. Mwanafunzi akinibana nimwonyeshe hasa alikosea wapi, nampeleka Delphi. Kijana alikwenda na swali moja, akaondoka na jibu la swali jingine, na kwa hofu akasahau kwamba lake halijajibiwa. Akaikimbia Korintho kana kwamba amethibitishiwa kuwa Polybus ni baba yake. Hilo ni kosa la kufikiri. Ukilisoma kama dhambi unatafuta pa kumwekea bakora, na tamthilia haikupi.

Mwalimu makini ataleta hoja ya hasira. Ni kweli, hasira za Oedipus ziko karibu. Anamfokea mwaguzi mzee Tiresias, anamshuku shemeji yake Creon kwa kula njama, anamtisha mchungaji kikongwe kwa mateso. Pale njia panda, kwa simulizi yake mwenyewe, wale wa garini ndio walioanza kumsukuma kando, na mzee akampiga kichwani. Lakini alivyolipiza alizidisha, sikatai. Hata hivyo jaribu jambo hili. Ondoa hasira yote ya Oedipus katika siku ile tunayoishuhudia, mfanye ametulia kama maji mtungini. Ukweli usingejulikana? Ungejulikana, pengine mapema zaidi. Sasa irudishe hasira, uondoe yale mema yake: uchungu alio nao kwa mji wake, ukaidi wa kutafuta ukweli, kukataa kupokea habari za Delphi faraghani wakati raia wako mbele yake wanasubiri. Hapo tamthilia inakufa. Jocasta anamsihi aache kuuliza. Angeacha, jioni ile angelala mfalme. Kinachomfikisha kwenye balaa ni sifa ambazo tungemwombea rais yeyote.

Jedwali la kasoro lilitoka wapi basi? Kwa sehemu kubwa kwa wahakiki wa Ulaya wa karne za baadaye, waliotaka jukwaa lifundishe maadili na kila anayeumia awe na alichofanya. Mwaka 1904 A. C. Bradley akachapisha mihadhara yake maarufu juu ya tanzia za Shakespeare, akaweka mkazo wote kwenye tabia ya nguli. Kwa Macbeth hoja hiyo inakaa vizuri. Mambo yaliharibika pale hoja za namna ya Bradley zilipovishwa jina la Aristotle na kurudishwa nyuma miaka zaidi ya elfu mbili, hadi Athene.

Kama jedwali ni lazima, napendekeza safu ya pili ibadilishwe swali: badala ya “ana kasoro gani?” iulize “hajui nini?” Lijaribu kwa Kinjeketile. Kwa safu ya zamani mwanafunzi ataandika “ushirikina”, na amemaliza. Kwa safu mpya itambidi arudi kwenye tukio la Kinjeketile kupandwa na pepo Hongo. Katika hali hiyo anatoa unabii wa ushindi, na ndani yake mna maneno kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akili zinapomrudia na akapewa habari ya aliyoyasema, anaona ncha yake: kumtoka bwana mmoja na kumwendea mwingine. Lakini watu wameshayaamini maji, wanataka vita leo, na yeye anayetaka wasubiri hasikilizwi tena. Mwanafunzi aliyeona hayo ameshika hamartia na utambuzi kwa mkono mmoja, wala hakulazimika kumtukana mtu.

“Miungu ilishaamua. Oedipus ni kikaragosi tu.”

Nusu kweli. Mwaka 1966 E. R. Dodds, aliyekuwa profesa wa Kigiriki huko Oxford, alichapisha makala kuhusu namna tamthilia hii inavyoeleweka vibaya. Kilichomchokoza ni karatasi za mtihani. Watahiniwa wa chuo hicho waligawanyika makundi matatu: waliosema Oedipus kaadhibiwa kwa kasoro zake, waliosema yeye ni kikaragosi cha miungu, na waliosema Sophocles alikuwa msanii tu asiyejali maswali hayo. Dodds aliwakatalia wote. Nalitaja hili kwa faida ya mwalimu wa shule ya kata anayedhani makosa haya ni ya wanafunzi wake peke yao.

Ukweli ulio katika usemi huu ni kwamba kumuua baba na kumuoa mama vilishatabiriwa, na hakuna mtu katika tamthilia anayefaulu kuvikwepa. Lakini maaguzi yalisema atafanya, hayakumwamuru afanye. Tena yale tunayoyaona kwa macho yetu jukwaani hayakutabiriwa na maaguzi yoyote. Ni Oedipus aliyemtuma Creon Delphi. Ni yeye aliyemlaani muuaji, akamwita Tiresias, akambana mchungaji. Wazee wa mji wanapomuuliza ni mungu yupi aliyemsukuma kujitoboa macho, anajibu kwamba mateso ameyaleta Apollo, lakini mkono uliopiga ni wake mwenyewe. Mwanafunzi anayenukuu nusu ya kwanza ya jibu hilo bila ya pili, au ya pili bila ya kwanza, amelikata jibu la Oedipus katikati.

Ola Rotimi wa Nigeria alilichukua swali hili na kulijibu upya katika The Gods Are Not to Blame, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza Ife mwaka 1968, wakati vita vya Biafra vinapiganwa. Tamthilia yake inatangaza tangu kichwa chake kwamba miungu haina lawama. Nguli wake, Odewale, anamuua baba yake katika mzozo wa shamba baada ya kusikia kabila lake likitukanwa. Rotimi amepachika, kwa makusudi kabisa, kitu ambacho Sophocles hakukiweka: hasira ya ukabila, maradhi yaliyokuwa yakiiangamiza nchi yake wakati ule. Kwa hiyo anayeandika kuhusu kasoro ya Odewale yuko sawa. Anayelinakili jibu hilo na kulibandika kwa Oedipus amekosa, hata kama kisa kinafanana.

“Kitendawili cha Sphinx kimo katika tamthilia.”

Si kweli. Kile cha kiumbe chenye miguu minne asubuhi, miwili adhuhuri na mitatu jioni kimetufikia kwa njia nyingine. Sophocles anataja kwamba Oedipus alikifumbua, basi; hakitegi. Hakuhitaji, kila mtu uwanjani alikijua. Nafurahia tu kwamba wasomaji wa Kiswahili wanaipata hadithi hii kwa utamu ambao Wagiriki hawakuwa nao. Kwetu anayeshindwa kitendawili huambiwa atoe mji. Thebes walishindwa, na kweli wakautoa.

“Kinaya cha kidrama ni mhusika kusema kinyume cha anachomaanisha.”

Si kweli, na ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ninaposahihisha. Kusema kinyume cha unachomaanisha ni kinaya cha maneno. Ukimwambia aliyechelewa saa mbili “umewahi sana, bwana”, umekitumia. Kinaya cha kidrama hakihitaji ujanja wowote wa msemaji. Msemaji anamaanisha kila neno. Ila hadhira inajua jambo asilolijua yeye, na kwa sababu hiyo maneno yake yana mzigo ambao hausikii.

Oedipus anatangaza kwamba atampigania Laius kama ambavyo angempigania baba yake mzazi. Hatanii, anaahidi kwa moyo mmoja. Anamlaani muuaji, na kuongeza kwamba laana impate hata yeye mwenyewe iwapo mtu huyo anaishi nyumbani mwake kwa idhini yake. Mfano ninaoupenda zaidi ni mdogo, na hupitwa kwa urahisi. Creon anarudi na habari kwamba Laius aliuawa na wanyang’anyi, wengi. Oedipus anajibu papo hapo kwa kumtaja mnyang’anyi, mmoja. Hakuna aliyemsahihisha. Mdomo umetangulia akili. Baadaye tumaini lake lote litaning’inia kwenye hesabu hiyo hiyo: shahidi akishikilia kwamba walikuwa wengi, yeye kapona, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuwa wengi.

Watazamaji wa Athene walikijua kisa tangu utotoni. Hivyo taharuki yao haikuwa ya kujua nani kaua. Waliketi wakingoja kuona lini atajua, na kwa kinywa cha nani. Tiresias anamwambia waziwazi mapema kabisa, na Oedipus hasikii, kwa kuwa ukweli umemjia katikati ya ugomvi na yeye kaupokea kama tusi. Ukisoma tukio hilo kwa sauti darasani, wanafunzi wawili wakisimama na kutazamana, utaona kwamba halihitaji maelezo mengi.

Mwanafunzi wa Kenya anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne anaijua kanuni ya muktadha wa dondoo, alama nne: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa sababu gani. Kwa kinaya cha kidrama aongeze la tano: sisi tunajua nini ambacho msemaji hajui? Akishindwa kulijibu, hicho si kinaya cha kidrama, hata kama dondoo lina ukali kiasi gani.

Na istilahi yenyewe tumeirithi kwa Aristotle? Si kweli. Katika Poetiki haimo. Aliyewaongoza wahakiki kuutazama utunzi wa Sophocles kwa jicho hilo ni Connop Thirlwall, kasisi na mwanahistoria wa Uingereza, katika insha ya mwaka 1833.

Machache ya haraka

“Oedipus anajitoboa macho mbele ya watazamaji.” Si kweli, linatokea ndani ya nyumba, na mtumishi anatoka kulisimulia. Jocasta naye anajinyonga ndani. Anayeigiza tukio hilo shuleni kwa rangi nyekundu na mayowe anajifurahisha, na ruhusa anayo, lakini Sophocles alimpa kazi hiyo msimulizi.

“Tamthilia hii ilimpa Sophocles ushindi wa kwanza.” Si kweli. Wazee walitupokeza kwamba mwaka ule alishindwa na Philocles, mpwa wa Aeschylus. Ole wake Philocles, aliyeshinda na kazi zake zikapotea.

“Ni sehemu ya trilojia pamoja na Antigone.” Si kweli. Antigone ilitangulia kwa miaka kadhaa, na Oedipus huko Colonus ilioneshwa 401 K.K., mtunzi akiwa ameshafariki. Ni kazi tatu za nyakati tatu, na Creon wa moja si lazima alingane na Creon wa nyingine.

“Oedipus alimtamani mama yake, Freud kathibitisha.” Si kweli. Freud aliandika kuhusu matamanio aliyoyaona kwa binadamu wote, akaazima jina. Oedipus wa Sophocles aliihama nchi iliyomlea ili asimsogelee yule aliyemdhani kuwa mama yake.

“Aristotle alitunga sheria ya umoja wa aina tatu: wa tendo, wa wakati na wa mahali.” Si kweli. Alisisitiza umoja wa tendo. Kuhusu wakati alisema tu kwamba tanzia hujaribu kukaa ndani ya mzunguko mmoja wa jua. Kuhusu mahali hakusema kitu. Aliyezifunga tatu pamoja kuwa sheria ni Mwitalia Castelvetro mwaka 1570, na Wafaransa wa karne iliyofuata wakazitumia kumsumbua Corneille kwa ajili ya Le Cid.

“Kwaya ni ya kupumzisha watazamaji.” Si kweli. Waimbaji 15, wakiimba na kucheza, ni wazee wa Thebes wenye msimamo unaoyumba kadiri siku inavyokwenda. Aristotle alitaka kwaya ihesabiwe miongoni mwa waigizaji, na akamtaja Sophocles kuwa mfano wa kufuata.

“Katharsisi ni kulia mpaka moyo ukatulia.”

Hapa hukumu ya kweli au si kweli haitoki. Katika fasili ya tanzia, sura ya 6, Aristotle anasema kwamba kwa huruma na hofu tanzia hukamilisha katharsisi ya hisia za namna hiyo. Haelezi zaidi. Katika kitabu chake cha siasa anaahidi kuieleza vizuri atakapoandika kuhusu ushairi, na maelezo hayo hayamo katika kitabu tulicho nacho. Tangu hapo wataalamu wanavutana. Mwaka 1857 Jacob Bernays, Mjerumani, aliitetea maana ya kitabibu: hisia hutolewa mwilini kama uchafu unavyotolewa na dawa. Wengine wanashika maana ya kidini, ya kutakaswa. Wengine wanasema ni kung’amua, yaani hisia zenyewe kupata mwanga. Vitabu vya kiada huchagua moja na kuichapa kana kwamba Aristotle kaitia sahihi. Ningempa alama kamili mwanafunzi anayetaja maana mbili na kusema ni ipi inayomkaa yeye baada ya kuisoma tamthilia. Mtihani, najua, hauko hivyo.

“Peripetia na utambuzi ni kitu kimoja.”

Si kweli. Peripetia ni mambo kugeuka kinyume cha yalivyoelekea. Utambuzi ni mtu kutoka kutojua akaingia kujua. Vinaweza kutokea mbalimbali. Ila ni kweli kwamba katika tamthilia hii vinakuja pamoja, na Aristotle, katika sura ya 11, anasema utambuzi wa namna hiyo ndio bora, akiitaja kwa jina.

Tazama kinavyotendeka. Anafika mjumbe kutoka Korintho, mchangamfu, anatarajia zawadi. Polybus amekufa, kifo cha uzee, na Wakorintho wanataka Oedipus awe mfalme wao. Oedipus anashusha pumzi: baba amekufa na hakumuua yeye. Bado anamwogopa mama aliyeko Korintho. Mjumbe, kwa wema kabisa, anamwondolea hofu hiyo: usihofu, hao si wazazi wako, mimi mwenyewe nilikupokea mlimani kwa mchungaji wa Laius. Kila neno limetolewa ili kufariji, na kila neno linakaza kamba. Hakuna mbaya katika tukio hilo. Hakuna aliyedanganya.

Wasomaji wengi humtazama Oedipus wakati huo. Mtazame Jocasta. Yuko jukwaani, kimya, anasikiliza mazungumzo ya wanaume wawili, na utambuzi wake unakamilika kabla ya wa mumewe. Tiresias alijua tangu mwanzo, Jocasta anajua sasa, mchungaji atajua akifika, Oedipus wa mwisho. Mwalimu anayetaka kufundisha utambuzi bila ubao ampe msichana mmoja nafasi ya Jocasta katika tukio hilo, asimame na asiseme lolote, kisha darasa liulizwe: ni kwenye sentensi ipi ya mjumbe uso wake ungebadilika? Watabishana kipindi kizima. Na kubishana huko kutawalazimu kusoma mstari kwa mstari, jambo ambalo jedwali halijawahi kulifanya.

“Msuko wa Sophocles hauna tundu hata moja.”

Si kweli, na anayeligundua kwa kawaida ni yule mwanafunzi wa nyuma aliyedhaniwa amelala. Anauliza: mwalimu, huyu mtu amekaa na Jocasta miaka yote, wamezaa watoto wanne, hakuwahi kuuliza mume wa kwanza alikufaje?

Swali hilo halina ujinga wowote. Kuna na sadfa za kuhesabu: mchungaji aliyekataa kumtupa mtoto ndiye huyo huyo aliyenusurika pale njia panda, na mjumbe anayeleta habari za kifo cha Polybus ndiye aliyempokea mtoto mlimani. Aristotle aliliona tundu la Laius. Katika sura ya 24 anataja kutojua kwa Oedipus namna Laius alivyokufa kuwa mfano wa jambo lisiloingia akilini, na anamwachia Sophocles kwa sababu limewekwa nje ya tamthilia, katika miaka ambayo hatuioni. Jambo lisiloaminika likibaki nyuma ya mlango, anasema kwa maana hiyo, linavumilika.

Voltaire hakulivumilia. Mwaka 1719 alichapisha barua akimshambulia Sophocles kwa makosa ya namna hii, mwaka mmoja tu baada ya Oedipe yake mwenyewe kuoneshwa Paris na kushangiliwa. Alikuwa kijana, na kuchekelea makosa ya mzee wa Athene kulimfaa. Lakini alipokaa kukitunga upya kisa hicho kwa kadiri ya matendo matano waliyoyataka Wafaransa, aligundua kwamba uchunguzi wa Oedipus haumtoshi kujaza jioni, ikambidi amlete Philoctetes awe mpenzi wa zamani wa Jocasta, anayerudi Thebes akiwa bado na mapenzi yake. Katika barua zile zile alikiri kwamba hapo mambo hayakumkaa vizuri.